Mchezo wa Copenhagen kwetu Masisi: wataalamu wawili na jiwe la Kongo

Tukisema teatri, wengi kwetu wanafikiri paka sikukuu ya kufunga mwaka wa shule: pazia la mashuka mawili, mabenchi ya kuazima kanisani, wakubwa mbele, wazazi nyuma, na watoto wanaosema Kifaransa cha Molière huku wazee wao wanacheka bila kushika neno hata moja. Ni kweli, teatri ya namna hiyo ililetwa na shule za wamisionari. Lakini mchezo wenyewe, maana yake mtu kusimama mbele ya wenzake na kugeuka mtu mwingine, haukuletwa na mgeni yeyote. Ndugu zetu wa Walikale wanajua hiyo kutupita sisi wa Masisi.

Mwaka 1956 mtaalamu mmoja Mbeleji, Daniel Biebuyck, aliketi kule Kisimba pamoja na wasaidizi wake Wanyanga, na kwa muda wa siku 12 mzee Shekarisi Rureke akawapigia hadithi ya Mwindo. Nasema akawapigia, sababu haikuwa kusoma wala kusimulia tu. Rureke aliimba, akacheza, akatikisa kibuyu na njuga, mkononi akashika mkia wa kupepea sawasawa na ile konga ya Mwindo, na vijana wakampigia ngoma ya mti. Saa moja yeye ni Shemwindo, baba asiyetaka mtoto mwanaume. Saa nyingine ni shangazi Iyangura. Kisha ni Nkuba mwenye radi, kisha Mwindo mwenyewe. Wote katika mwili mmoja, bila pazia, bila nguo za kubadilisha. Kitabu kilitoka mwaka 1969 kule California, nacho kina majina mawili juu yake: Biebuyck na Kahombo Mateene, mtoto wa Wanyanga, mtaalamu wa lugha, mwenye baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya OUA kule Kampala.

Iko fasi moja katika hadithi ile ambayo kama mwalimu naipenda sana. Mwindo, mbele ya kwenda kumtafuta baba yake, anapita kwanza kwa wajomba zake. Hao ni wahunzi. Wanamchukua, wanamfua, wanamvika chuma mwili mzima. Vita haijaanza bado, na tayari wenye ujuzi wa moto wameshafanya kazi yao. Wahunzi wale hawaulizi sana chuma kitafanya nini. Mtoto wa dada amekuja, basi wanafua.

Nimeanza na Mwindo juu ya sababu moja. Makala hii inahusu mchezo wa kizungu juu ya wataalamu wa fizikia, ambao kikundi chetu kidogo cha walimu na finalisti kilijaribu kuucheza hapa Masisi, mbele ya vita kurudi kwetu. Watu wengi waliniuliza kama huo nao unaweza kuitwa desturi yetu. Naona unaweza, na nitaeleza.

Mchezo unaitwa Copenhagen, jina la mji mkuu wa Denmark. Uliandikwa na Mwingereza Michael Frayn, ukachezwa mara ya kwanza London mwaka 1998. Una watu watatu tu. Wa kwanza ni Niels Bohr, mtu wa Denmark, aliyepata zawadi ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1922. Wa pili ni Werner Heisenberg, Mjerumani, aliyesoma kwa Bohr akiwa kijana, kisha akawa mwenzake wa kazi, na naye akapata Nobel ya mwaka 1932. Wa tatu ni Margrethe, bibi ya Bohr.

Habari yake ilitokea kweli. Wajerumani waliingia Denmark mwezi wa 4 mwaka 1940. Mwezi wa 9 mwaka 1941 Heisenberg akafika Copenhagen kwa mkutano, akaenda kumuona mwalimu wake wa zamani. Bohr alikuwa na miaka 55, na mama yake alikuwa Myahudi, kwa hiyo hatari ilikuwa mlangoni. Heisenberg alikuwa na miaka 39, na alikuwa ndani ya kazi ya uraniumu ya serikali ya Hitler. Wawili wakazungumza peke yao. Walisema nini? Hakuna aliyeandika siku ile. Kitu chenye watu waliona ni kwamba urafiki wa miaka mingi ulivunjika pale. Mwaka 1943 Bohr alikimbilia Sweden, kisha Uingereza, na kutoka huko akafika Marekani, kwa wale waliokuwa wanatengeneza bomu la atomiki.

Frayn alifanya nini na habari hii? Aliwaleta wote watatu wakiwa wameshakufa. Ni roho zinazorudi, zinakaa pamoja, zinajaribu kukumbuka jioni ile. Wanaicheza mara ya kwanza, haitoki vizuri. Wanarudilia, inatoka namna nyingine. Wanarudilia tena. Heisenberg ndiye aliyefundisha mwaka 1927 kwamba kipande kidogo cha atomu hakiwezi kujulikana pamoja kiko fasi gani na kinaenda kwa nguvu gani; ukishika moja sawasawa, ingine inakuponyoka. Frayn aliona kwamba moyo wa mtu nao uko hivyo.

Huko Ulaya, jambo la wafu kurudi na kujadiliana lilihitaji maelezo. Kwetu halikuhitaji hata neno moja. Mzee mmoja aliyetutazama katika mazoezi aliuliza tu kama marehemu hao wamezikwa vizuri, sababu wenye kuzikwa vizuri hawahangaiki hivyo. Na kwa Wanyanga, Karisi ni jina la hadithi na pia ni jina la roho, na Rureke aliamini kwamba ni roho ile iliyomtaka afanye kazi yake. Basi mtu wa Walikale akiona roho tatu zinamlazimisha mchezaji kurudilia jambo lile lile, yuko nyumbani.

Tulikuwa na fotokopi ya tafsiri ya Kifaransa. Ni maandishi marefu, tena magumu. Hatukuweza kuyacheza yote, na sidhani ingefaa. Tulichagua vipande, tukavieleza kwa Kiswahili chetu, halafu wachezaji wakavisema kwa maneno yao. Njia hii si ya uvivu. Kundi la Mufwankolo kule Lubumbashi, lililojulikana sana kwa televisheni, lilikuwa linafanya kazi namna hiyo. Mwaka 1986 mtaalamu Johannes Fabian aliwauliza maana ya methali moja juu ya mamlaka, kwamba inaliwa nzima. Badala ya kumjibu kwa maneno, wakamjengea mchezo mzima bila kuandika ukurasa, na yeye akaandika kitabu juu ya mchezo ule. Mtaalamu aliuliza, na wachezaji wakamfundisha.

Taabu ya kwanza ilikuwa fizikia yenyewe. Finalisti wa biokimia kwetu wanaweza kumaliza sekondari bila kuona laboratwari. Wanajua fomula kwa kichwa, lakini hawajapata kugusa kitu. Na Copenhagen inaomba mtazamaji aelewe angalau jambo moja: kwa nini kutengeneza bomu kulikuwa kugumu. Tukatumia maharagi. Masisi hatukosi maharagi. Tulihesabu 1,000 juu ya mkeka, 993 ya rangi moja na 7 ya rangi nyingine. Katika uraniumu inayotoka ardhini, karibu atomu 7 tu kati ya 1,000 ni za namna ya 235, zenye kupasuka kwa urahisi na kupasua za jirani. Zingine karibu zote ni 238. Lakini maharagi unaweza kuyachagua kwa macho, na wanawake wetu wanafanya hivyo kila jioni. Atomu hizo mbili zinafanana kwa kila jambo la kimia, tofauti yake ni uzito mdogo sana. Bohr mwenyewe alionyesha mwaka 1939 kwamba ni ile 235 yenye kazi, na alifikiri kwamba ili kuichagua ya kutosha ingepaswa kugeuza nchi nzima kuwa kiwanda. Marekani ikafanya karibu hivyo. Heisenberg hakufika. Kama alishindwa hesabu, au kama hakutaka kuifanya, ndiyo mabishano ya mchezo mzima.

Taabu ya pili haikuwa ya fizikia. Nani atacheza Heisenberg?

Msomaji wa Masisi anaelewa mara moja. Tangu mwaka 1993, vita ilipoanzia kwenye soko la Ntoto kule Walikale na kupanda mpaka huku, kila mmoja wetu ana rafiki aliyebaki upande mwingine. Walisoma kalasi moja, walilia kwenye kilio kimoja, kisha siku moja mmoja akaja kusalimia na mwenye nyumba akajiuliza: amekuja kunisalimia, ao ametumwa? Heisenberg katika mchezo ni mtu huyo. Anagonga mlango wa mwalimu wake, na nchi yake imekalia nchi ya mwalimu. Hakuna kijana aliyetaka nafasi ile. Waliogopa watu wataangalia kabila ya mchezaji, na kesho yake watasema: unaona, wenyewe walichagua mtu wa fulani awe adui. Tulipiga kura kwa vikaratasi ndani ya kofia. Tukakubaliana tena kwamba katikati ya mchezo Bohr na Heisenberg wabadilishane makoti na nafasi, ili hakuna anayebaki na adui mwilini mpaka mwisho. Frayn hakuandika hivyo. Lakini pale tulipobadilisha makoti ndipo jumba lilinyamaza kabisa, hata watoto wa mbele.

Sasa nifike kwa jiwe. Msichana aliyecheza Margrethe, ambaye katika mchezo kazi yake ni kuwauliza wanaume wawili maswali yenye kuwaumiza, alitoka siku moja nje ya mchezo akaniuliza mimi. Prof, hawa watu wanasema uraniumu, uraniumu, tangu mwanzo mpaka mwisho. Walikuwa wanaitoa wapi?

Jibu linajulikana, na linapaswa kujulikana zaidi. Sehemu kubwa ya uraniumu ya vita ile ilitoka kwetu, Shinkolobwe, karibu na Likasi, Katanga. Mgodi ule ulijulikana tangu 1915, na miaka ya 1920 jiwe lake lilichimbwa kwa ajili ya radiumu, dawa ghali iliyotengenezwa kule Olen, Ubeleji. Uraniumu yenyewe ilihesabiwa kama takataka tu. Kumbe jiwe lile lilikuwa na utajiri usio na mfano: lililo bora lilifika asilimia 65 ya oksidi ya uraniumu, wakati migodi ya Marekani na Kanada ilikuwa inafurahia asilimia ndogo sana. Tarehe 2 Agosti 1939 Albert Einstein alitia sahihi barua kwa Rais Roosevelt, na ndani yake alimwambia kwamba chanzo kikubwa kuliko vyote cha uraniumu kiko Kongo ya Wabeleji. Wenzake walikuwa wamefikiri kwanza wamwandikie Elisabeth, malkia mama wa Wabeleji, aliyemfahamu Einstein. Kuwaandikia Wakongomani, hilo halikupita katika kichwa cha mtu. Jiwe lilikuwa na anwani, na anwani ilikuwa Bruseli.

Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alipeleka New York zaidi ya tani 1,200 za jiwe lile, likawekwa ndani ya mapipa kule Staten Island. Mwezi wa 9 mwaka 1942 afisa wa jeshi la Marekani alikuja kulinunua, akakuta linamngoja. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la uraniumu likaanguka Hiroshima. Mwaka 1946 Sengier akapewa medali ya heshima ya Marekani. Wale waliochimba na kuchagua jiwe kwa mikono, kama wanawake wetu wanavyochagua maharagi, majina yao hayakusomwa kwenye sherehe yoyote.

Na upande wa pili je? Hapo ndipo finalisti walisimama. Wajerumani walipoingia Ubeleji mwezi wa 5 mwaka 1940, walikamata akiba ya Union Minière kule Olen, zaidi ya tani 1,000 za uraniumu. Ilitumika katika kazi ile ile ya akina Heisenberg, na mwezi wa 4 mwaka 1945 Waamerika walikuta karibu tani 1,100 zilizobaki katika ghala kule Stassfurt, Ujerumani. Maana yake, jioni ile ya Copenhagen, upande wa Bohr na upande wa Heisenberg, wote wawili walikuwa wanangojea jiwe moja. Liligawanyika kama watoto wa nyumba moja waliochukuliwa na majeshi mawili.

Hata mchezo mwingine mkubwa juu ya wataalamu uliguswa na jiwe hili. Mjerumani Bertolt Brecht aliandika Maisha ya Galileo akiwa mkimbizi kule Denmark, mwaka 1938 na 1939, na wasaidizi wa Bohr walimweleza mambo ya nyota. Galileo wa kwanza alikuwa mjanja: anakana ukweli mbele ya wakubwa wa Kanisa ili aishi na kuandika kwa siri. Brecht alikuwa Marekani anautengeneza upya kwa Kiingereza pamoja na mchezaji Charles Laughton wakati Hiroshima ilipochomwa. Alibadilisha hukumu. Galileo wa mwaka 1947 hasifiwi tena. Analaumiwa, hata yeye mwenyewe anajilaumu, kwamba aliwaachia wenye nguvu ujuzi wake wafanye wanavyotaka. Mimi Galileo naona ni mchezo mkubwa kuliko Copenhagen, lakini unaomba watu wengi na nguo nyingi. Copenhagen unaomba viti vitatu.

Msichana wetu hakuridhika na historia yangu. Alisema: basi mchimbaji aingie. Tukabishana wiki mbili. Mwenzangu wa Kifaransa alikataa. Alisema mwandishi akiweka watu watatu, tusimwongezee wa nne kama mtu anayeongeza maji ndani ya maziwa. Ni sababu nzuri. Wengine walisema Shinkolobwe iko Katanga, mbali sana, sisi wa Kivu tunajitia nini? Hapo mimi nilikataa. Jina la mgodi linabadilika, njia ya jiwe haibadiliki. Rubaya hapa Masisi inatoa koltani inayotafutwa dunia nzima. Bisie kule Walikale, baada ya kasiterite kuonekana mwaka 2002, watu walibeba mizigo ya kilo 50 kwa mgongo ndani ya pori siku nzima na zaidi, mbele ya kampuni kubwa kufungua kiwanda mwaka 2019.

Niruhusiwe jambo moja kando. Mwalimu wa kimia anaifundisha tantali kama namba 73 na anapita. Jina lake lina hadithi. Msweden Ekeberg aliipata mwaka 1802, akaona kwamba hata ukiizamisha ndani ya asidi, hainywi kitu. Akaiita kwa jina la Tantalus, mtu wa hadithi za Wagiriki aliyehukumiwa kusimama ndani ya maji mpaka kidevuni. Akiinama kunywa, maji yanashuka. Jamaa yake katika jiwe, niobi, imepewa jina la binti ya mtu huyo, Niobe, aliyelilia watoto wake waliouawa. Niliandika hayo ubaoni siku moja, na finalisti mmoja ambaye kaka zake wawili walikuwa wachimbaji alisema kwa sauti ndogo: Prof, mzungu huyo alikuwa amefika Rubaya?

Basi mchimbaji akaingia. Hatukumpa maneno. Ndani ya mchezo wote anapita nyuma ya viti vitatu akiwa na gunia, anaenda, anarudi. Wataalamu wanabishana, hawamuoni. Mara moja tu, Bohr anapotaka kuhesabu uraniumu ya kilo ngapi itatosha, mchimbaji anatua gunia mbele yao, anakaa juu yake, anapumzika. Kisha anainuka. Hiyo tu. Mwenzangu wa Kifaransa alipoiona alisema haijaharibu kitu, na kwake hayo ni maneno makubwa.

Iko na sababu nyingine iliyonifanya niipende nyongeza ile, na ni ya historia hasa. Watoto wa Bohr walikuwa wameficha barua zake. Baba yao alikuwa amesoma kitabu kilichotoka miaka ya 1950, kilichobeba maelezo ya Heisenberg juu ya jioni ile, akakasirika, akamwandikia barua mara nyingi bila kuituma. Barua zilipaswa kufungwa mpaka mwaka 2012, miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini Copenhagen ilichezwa, watu wakabishana kila mahali, wataalamu wakaandikiana, na tarehe 6 Februari 2002 familia ikaziachilia zote. Bohr alikuwa anakumbuka vingine kabisa: kwake, Heisenberg alikuja akiwa na hakika kwamba Ujerumani itashinda na kwamba kazi ya silaha inaendelea. Wanahistoria walikuwa wameomba miaka mingi. Mchezo ndio uliofungua sanduku.

Hiyo ndiyo kazi ninayoiona kwa teatri yetu ndogo. Si kwamba tuwe kama London. Bukavu ilionyesha jambo hilo mwezi wa 5 mwaka 2015, pale Msuisi Milo Rau alipofanya Baraza la Kongo, mchezo ambao hakuna mchezaji wa kazi ndani yake: wachimbaji, wanasheria, wakubwa wa serikali, kila mtu alikuwa yeye mwenyewe, na habari ya Bisie ilisikilizwa hadharani siku tatu. Hukumu ilikuwa ya mchezo, lakini maneno yaliyosemwa yalikuwa ya kweli na yalirekodiwa.

Kwetu, yalikuwa madogo zaidi. Baada ya mchezo, mzee mmoja alikuja kwa mwalimu wa historia na kitambaa kilichofungwa. Ndani yake mlikuwa na livreti ya kazi ya zamani, ya SOMINKI, kampuni ile iliyoundwa mwaka 1976 na kufa miaka ya 1990, pamoja na karatasi za mshahara. Alisema alidhani hakuna anayetafuta vitu hivyo, mpaka alipomuona kijana na gunia. Wiki mbili zilizofuata walikuja wengine wanne. Mmoja alikuwa na picha ya timu ya wafanyakazi, majina yameandikwa nyuma kwa kalamu, yote 23.

Msichana wa Margrethe aliuliza jambo moja la mwisho, na nililijibu vizuri zaidi kuliko la kwanza. Kama hakuna Mkongomani aliyewahi kukaa kwenye kiti kimoja kati ya vile vitatu. Yuko. Mwaka 1959 reakta ya kwanza ya Afrika nzima iliwashwa Léopoldville, kwenye chuo kikuu cha Lovanium, wakati Monseigneur Luc Gillon, padri na mwanafizikia, alipokuwa rektari. Baada ya uhuru, Félix Malu wa Kalenga, mtoto wa nchi hii, aliongoza kituo kile kwa miaka mingi. Reakta ya pili iliyofuata ilisimama mwaka 2004 na vifaa vilizeeka. Lakini mtu alikuwa pale. Nilimwambia habari yake ni mchezo mzima, na haujaandikwa. Alichukua daftari akaanza siku ile ile, na alifika ukurasa wa 14.

Kisha vita ilirudi. Rubaya ilishikwa mwaka 2024, Masisi-centre mwezi wa 1 mwaka 2025, Walikale-centre mwezi wa 3 mwaka ule ule kwa muda mfupi. Wachezaji wetu walitawanyika, wengine Goma, wengine mbali zaidi. Yule aliyekuwa Bohr na yule aliyekuwa Heisenberg wako leo pande mbili za mstari, na nasikia bado wanasalimiana kwa simu. Picha yenye majina 23 iko salama. Vipande vya mchezo kwa Kiswahili viko katika daftari mbili, moja iko kwa mwalimu wa Kifaransa, nyingine kwangu. Kikundi chochote cha Masisi ao Walikale kinachotaka kunakili kinaweza kupitia ofisi ya shirika letu. Vinahitajika viti vitatu, makoti mawili, na gunia moja lenye uzito wa kweli, sababu gunia tupu watu wanalijua mara moja.